Mikono ya Awino na Wageni wa Beverly

Wenzangu wa kanisani, wa sokoni na wa chamani, nisikilizeni kidogo. Haya hayakutokea ng'ambo. Yametokea hapa kwetu, nje kidogo ya Rodi Kopany, katika boma la mwalimu mstaafu Elijah Obare. Mimi simchukii Obare. Ni mtu wa watu, na nyumba yake ilikuwa na amani kuliko nyingi tunazozijua.

Kila asubuhi Obare aliketi barazani akimsikiliza mkewe Awino akiimba jikoni. Awino alikuwa na baridi yabisi ya vidole, mwaka wa sita huo. Vifundo vilikuwa vimevimba, vidole vimepinda, na alfajiri mikono ilikakamaa kama kuni. Lakini aliiloweka kwenye beseni la maji vuguvugu, akaikunja na kuikunjua polepole, kisha akawasha moto na kujipikia uji wake.

Kuna wakati alikuwa ameshindwa hata kufunga kifungo. Binti yao Beverly, anayesoma chuo pale Rongo, ndiye aliyemuuliza muuguzi wa kliniki akarudi na maarifa. Alizungushia vipande vya tyubu ya baiskeli kwenye mwiko na visu mpaka mipini ikanenepa, maana mpini mnene hauvilazimishi vidole kubana. Akampelekea fundi sufuria zitiwe masikio mawili makubwa, mama azinyanyue kwa viganja. Mtungi wa lita ishirini akaubadilisha kwa vidumu vya lita tatu tatu. Hata kitambaa cha kuoshea vyombo hakikukamuliwa tena kwa vidole. Kilizungushwa kwenye koki kikavutwa. Vitu vidogo tu hivyo, lakini vilimrudishia Awino jiko lake.

Basi habari ikaja kwamba wazazi wa Cliff Maroa, kijana wa Kikuria kutoka upande wa Migori, wanakuja kumposa Beverly. Furaha ikampanda Obare kichwani. Akajigamba kwao kwa simu: "Mama Beverly mwenyewe ndiye atawasongea ugali! Huku kwetu mkono wa mama ndio cheti cha binti." Sasa jamani, nani alimtuma kusema hayo?

Siku ilipofika aliingia jikoni asubuhi, akaiona ile mipira myeusi kwenye mipini, na aibu ikamshika. Alijiambia kwamba wakwe wakiiona watauliza, wakiuliza wataitazama mikono, na wakiitazama mikono watasema ugonjwa uko kwenye damu, kisha wataondoka na posa yao. Alimpenda binti yake, hilo silifichi. Akachukua wembe, akakata mipira yote, akazifungia stoo sufuria za masikio, akaenda kuazima sufuria zinazong'aa kwa jirani yao Mourine.

"Baba Beverly, unafanya nini?" Awino aliuliza.

"Ni leo tu, nyar Asumbi," Obare alijibu, akimwita binti wa Asumbi kama alivyozoea. "Vumilia. Unataka waseme mtoto wetu pia vidole vitapinda?"

"Hiyo sufuria haina masikio. Mimi siwezi kuishika."

"Ni kitu ya dakika kidogo. Na uvae sweta ya mikono mirefu."

"Si Mourine asonge basi?"

"Nimeshawaambia ni wewe."

Beverly alikuwa chumbani akisukwa nywele, hajui lolote. Mama akamfikiria mwanawe, akavaa sweta.

Wageni walifika saa saba. Vicheko vilijaa sebuleni, Mourine akapeleka samaki mezani, na Awino akabaki jikoni peke yake. Obare alitoka kumharakisha. "Wageni wamenawa tayari," alisema akiwa mlangoni, na kwa macho yake akaona. Awino alikuwa ameishika sufuria ukingoni kwa kitambaa, vidole vikishindwa kubana. Vikaachia. Badala ya kuruka pembeni, maskini, aliidaka, kwa kuwa chakula cha wageni hakimwagwi. Ugali wa moto ukamwangukia mikononi na kugandia hapo, akapiga yowe.

Nyangi, mama yake Cliff, ndiye aliyefika wa kwanza kwa kile kilio. Alimmwagia maji baridi, akapandisha sweta, akaiona mikono.

"Mama, hii kuvimba si ya leo," alisema. "Na nani alikupatia mwiko mwembamba hivi?"

Nyangi akamgeukia Obare.

"Mama yangu alikuwa na hii ugonjwa. Tulimfungia vitambaa kwa kila mpini, akapika mpaka uzeeni. Mwalimu, ulikuwa unatuficha nini? Sisi tulikuja kutafuta watu."

Obare alitamani ardhi ipasuke immeze. Posa haikuvunjika, arusi ilifungwa, na Beverly sasa yuko kwake. Akija nyumbani anakaa na mama yake. Baba anapata salamu tu, basi. Vidonda vya Awino vilipona baada ya wiki nyingi hospitalini, lakini ngozi ilijivuta, vidole vikajikunja viganjani. Leo hata mpini mnene kama mgomba haumsaidii.

Obare ndiye anayepika. Ugali wake una madonge, na anamlisha mkewe kijiko kwa kijiko. Juzi alasiri alishindwa kujizuia, akalia mbele yake.

"Nisamehe, nyar Asumbi."

"Nilishakusamehe," Awino alisema. "Lakini nilikuwa najilisha, Obare. Sikuwa nimekuomba kitu."

Akageukia ukutani. Obare alikaa pale na bakuli mkononi mpaka uji ukapoa.

FUNZO

Wenzangu, mficha maradhi kilio kitamuumbua. Mwenye mikono inayouma akifunga raba kwenye mwiko, akiketi anapokata mboga, akibeba kidumu kidogo, huyo si mvivu wala hajalogwa, anajitunza. Msimcheke, na msimwondolee kinachomsaidia kwa ajili ya macho ya wageni. Mpelekeni kliniki mapema, mumuulize yeye mwenyewe kazi gani inamshinda, kisha mtengeneze. Obare alidhani anailinda heshima ya nyumba. Heshima ya nyumba ile ilikuwa mwanamke anayeimba jikoni asubuhi, na siku hizi jikoni mle hakuna anayeimba.