Kinyozi Aliyeogopa Kukatwa Mguu

Kinyozi alifanya kazi akiwa amesimama, asubuhi hadi jioni. Huu ulikuwa mwaka wa ishirini na sita. Alijua kuchekesha wateja, lakini siku hizi alicheka kwa midomo tu. Moyoni alikuwa na hofu.

Juu kidogo ya kifundo cha mguu wake wa kushoto palikuwa na kidonda. Kilianza kama mkwaruzo. Sasa kilikuwa na miezi mitano. Ngozi ya pembeni ilikuwa nyeusi na ngumu, na jioni mguu ulivimba hadi kiatu kikambana. Kila asubuhi alijifungia chooni akakimwagia spiriti, ile ile aliyowapaka wateja kidevuni. Kama inakausha michubuko ya wembe, alifikiri, itashindwaje na hiki? Ilimuunguza hadi machozi yakamtoka. Kidonda kilizidi kupanuka.

Hakumwambia mtu. Fundi viatu, rafiki yake, aliingia hospitali na miguu miwili, akatoka na mmoja.

Jumapili moja mkewe alisikia harufu.

"Baba watoto, vua soksi."

"Nimechoka tu, mke wangu."

"Vua!"

Alipoona, alishika mdomo. "Mficha maradhi kifo humuumbua! Ulitaka uniache na nani?" Akatoka mbio kumwita muuguzi, jirani yao.

"Shikamoo, mjomba," alisema muuguzi.

"Marahaba, mwanangu. Niambie ukweli. Wataukata?"

"Unakata watu nywele kutwa, leo unaogopa mkasi?" Hakuna aliyecheka. Muuguzi akainama, akautazama mguu vizuri. "Sioni dalili hiyo. Lakini ukiendelea kujificha, hatari itaongezeka. Damu ikishuka miguuni, lazima ipande tena hadi moyoni. Ndani ya mishipa mna vilango vya kuizuia isirudi chini. Vyako nadhani vimelegea. Ukisimama kutwa, damu inatuama. Mguu unavimba, ngozi inadhoofika, kidonda hakiponi."

"Na spiriti?"

"Inaunguza nyama mpya. Acha leo hii. Osha kwa maji safi tu, funika kwa kitambaa safi. Kesho nenda zahanati. Watapima sukari, na watapima kama damu inafika vizuri mguuni. Usijifunge bandeji ya kubana kabla ya kipimo hicho. Kama mishipa inayoleta damu imeziba, kubana kutauharibu mguu."

Kesho yake kinyozi alikwenda na mkewe. Alipimwa. Kisha daktari akachukua mkasi. Kinyozi akafumba macho, akashika mkono wa mkewe hadi ukamuuma.

Mkasi ukakata kipande cha bandeji mpya.

"Damu inafika vizuri," alisema daktari. "Tutaufunga kwa kubana. Urudi kila wiki."

Kinyozi alilia mbele ya watu, wala hakuona haya.

Tangu siku hiyo alinyoa akiwa ameketi kwenye stuli ndefu. Kila baada ya mteja alitembea kidogo, akapandisha na kushusha visigino. Akipumzika, alilala na miguu juu ya mito, ipite kimo cha moyo. Wiki za mwanzo hakuona tofauti, akaogopa upya. Mkewe hakumruhusu kukosa hata siku moja ya zahanati.

Mwezi wa nne wa matibabu kidonda kilifunga. Muuguzi akamletea soksi za kubana. "Vaa kila siku, mjomba, kisije kikarudi."

Kinyozi aliupapasa mguu wake. "Nilihofia watauondoa wao," alimwambia mkewe. "Kumbe mimi ndiye niliyekuwa naumaliza."