Waridi Lililobaki Kisiki

Langoni mwa shamba moja la kitajiri palikuwa hapatoshi. Lori la mbolea lilikuwa linateremsha mzigo, vibarua wanapishana na matoroli, na timu nzima ya kitalu cha miche cha mjini ndiyo kwanza inashuka kwenye basi. Fundi miche, aliyevaa gauni la njano kwa kuwa aliambiwa ni matembezi, akajibanza kupisha toroli. Aliyelisukuma ni mpenzi wake, ambaye mwezi uliopita yeye mwenyewe alimkataza kwa simu asimpigie tena.

"Malkia wangu!" akasema, ovaroli limejaa udongo.

"Malkia wa nani? Hebu nipishe."

Alikuwa na haki ya kununa. Miezi minane tangu mwanamume huyo ahame kutoka mjini kufuata kazi ya bustani hapa, kila akipigiwa simu jibu lake ni moja: "Kidogo tu, mpenzi, niko na miche." Na leo, kabla basi halijaondoka, fundi miche alitakiwa kumjibu bosi wake kama atakwenda kusimamia kitalu kipya, safari ya siku mbili kutoka mjini.

Wakatembezwa. Njia ya kuingilia ilipambwa kwa miche ya waridi pande zote mbili, michanga na imenyooka vizuri, hata akaipiga picha. Kisha wakazungukia nyuma, kwenye vyumba vya watunza bustani, na hapo moyo ukampasuka. Waridi lake jeupe, alilolilea miaka mitatu na kumpa mpenzi wake siku ya kuagana, lilikuwa limebaki kisiki ndani ya chungu kilekile.

"Umelikata!" akamgeukia, machozi yanamlenga. "Hasira zako kwangu umezimalizia kwenye ua?"

"Sikiliza kwanza, mpenzi..."

"Nimesikiliza miezi minane! Nakwenda kumkubalia bosi kazi ya mbali."

Akashika njia ya basini, viatu vya mtoko vinazama kwenye majani. Mwanamume akamfuata na chungu mikononi, naye sasa uvumilivu umemwishia.

"Fundi miche mzima! Hebu angalia nilivyokata!"

Akaangalia kwa shingo upande. Kila tawi lilikatwa mshazari, juu kidogo ya jicho la kuchipulia, kama yeye mwenyewe anavyokata kila asubuhi anapotaka vipandikizi, vijiti vya kuotesha miche mipya. Chini ya mkato mmoja chipukizi jekundu lilikuwa limeshatokeza. Taratibu akageuka kuitazama ile njia yenye waridi.

"Yote yale?"

"Yote yametokana na hili. Nilitaka yachanue, ndipo nikuite, nikuombe tuoane."

Badala ya kumkumbatia, akampiga begani na pochi.

"Na mdomo ulikuwa wa nini? Nusura nihame, wewe unasubiri maua!"

Basi likapiga honi. Bosi akachungulia dirishani. "Binti, jibu langu?"

"Dakika moja, mama!" Akamkazia macho mpenzi wake. "Una dakika moja. Sema."

 Mwanamume, mtu aliyezoea kubembeleza mizizi, alitoa maneno kwa shida. "Nioane nawe. Yaani... nikuoe. Nije kwa baba yako yakichanua?"

"Jumamosi."

"Lakini hayajachanua..."

"Jumamosi!"

"Jumamosi," akakubali, amekikumbatia chungu kifuani.

Fundi miche akafuta machozi, akapaza sauti kuelekea basini: "Mama, mtafute mwingine! Huyu nikimwacha peke yake, tutaoana uzeeni."