Taratibu, Samawati!

Tusekile alikuwa na usingizi. Mama alikuwa na usingizi. Lakini leo ilikuwa siku ya safari.

Uani kwao, Mbeya mjini, lilisimama gari la zamani. Lilikuwa na taa za mviringo, kama macho ya bundi. Rangi yake ilikuwa ya anga, kwa hiyo jina lake lilikuwa Samawati.

Samawati lilikuwa gari la Babu. Siku moja injini yake ilisema *kraaak!* Ikanyamaza. Ikanyamaza kabisa.

Mama ni fundi. Aliitoa injini yote. Alibadilisha vyuma vilivyokwisha, akaweka vipya.

Tusekile aliosha nati ndogo kwenye kopo la mafuta ya taa. Aliosha, akakausha. Aliosha, akakausha. Mikono ilichoka. Hata macho yalichoka.

Sasa injini ilikuwa imerudi mahali pake. Mama akaingia kwenye gari, akazungusha ufunguo.

*Ng'eee... ng'eee...* Kimya.

*Ng'eee... ng'eee...* *Tuku! Tuku-tuku! Tuku-tuku-tuku!*

"Inaongea!" alipiga kelele Tusekile. "Mama, inaongea!"

Mama alicheka, huku akipiga miayo. "Haya, panda. Babu anatusubiri Tukuyu."

Babu alikuwa ameugua kifua kwa muda mrefu. Kila alipopiga simu aliuliza, "Gari langu limeunguruma?" Na kila mara Mama alijibu, "Bado, Baba. Bado kidogo."

Leo Babu angesikia kwa masikio yake mwenyewe.

Wakaingia barabarani. Samawati alikwenda polepole. Polepole sana.

"Mama, kimbiza!" alisema Tusekile.

"Haiwezekani, mwanangu. Vyuma vya ndani ni vipya. Bado havijazoeana. Tukivikimbiza, vitasagana na injini itakufa tena. Tukienda taratibu, vitazoeana."

Basi Mama akaimba, na Tusekile akaitikia:

*Taratibu, Samawati, taratibu!*
*Tuku-tuku, tuku-tuku, twende Tukuyu!*

Basi kubwa likawapita. *Vuuuum!*

Lori la mbao likawapita. *Ngurrrrr!*

Pikipiki ikawapita. *Prrrrrr!*

Kisha, kwenye mteremko, *kring-kring!* Baiskeli! Hata baiskeli ikawapita! Ilikuwa na mkungu wa ndizi nyuma, na mwenye nayo akawapungia mkono.

Tusekile hakupunga. Alijificha chini ya kiti.

"Ameshaondoka?" aliuliza.

"Ameshaondoka," alisema Mama. "Toka."

*Taratibu, Samawati, taratibu!*
*Tuku-tuku, tuku-tuku, twende Tukuyu!*

Ukaja mlima. Mlima mrefu, wenye kona na kona na kona nyingine.

Samawati akapanda. *Tuku... tuku... tuku...* Injini ikapata moto. Mama akasimamisha gari pembeni, akafungua boneti.

"Anapumzika," alisema Mama. "Ngoja apoe."

Walikaa kwenye jiwe. Walikula viazi vya kuchemsha. Upepo ulikuwa wa baridi, na injini haikuwa na haraka ya kupoa.

Midomo ya Tusekile ikaanza kutetemeka. "Mama, nimechoka na taratibu."

Mama akamvuta karibu, akamfunika kwa kitenge. "Hata mimi nimechoka na taratibu," alisema. "Nimechoka mpaka kwenye nywele."

Tusekile akamwangalia nywele. Akacheka kidogo. Kidogo tu.

Wakaendelea. Tena wakasimama. Tena wakaendelea. Ukungu ukashuka, ukafunika migomba.

Simu ikalia. Alikuwa Babu.

"Mko wapi, wanangu? Nimekaa mlangoni, natazama barabara."

"Tuko mlimani, Babu!" alisema Tusekile.

"Ah, mlimani! Mimi baridi inanichoma kifua. Giza likiingia nami nitaingia ndani, nilale."

Mama akatazama anga. Jua lilikuwa limeshuka. Matone ya mvua yakaanza kugonga kioo.

Mama hakuimba. Alikaza mikono kwenye usukani, akakanyaga mafuta.

*Tukutukutukutukutuku!*

Samawati akakimbia! Miti ikakimbia! Tusekile akapiga makofi.

Halafu akaacha kupiga makofi. Alisikia kitu. Sauti ndogo, nyembamba, ndani ya sauti kubwa.

*Ti-ti-ti-ti-ti.*

"Mama, kuna kitu kinalia."

"Ni mvua, mwanangu. Tunachelewa."

*Ti-ti-ti-ti-ti.*

"Si mvua! Mvua iko juu. Hii iko mbele. Mama, taratibu! Tafadhali!"

Mama akamtazama Tusekile. Akaondoa mguu kwenye mafuta. Samawati akapunguza mwendo, akasimama.

Mama akashuka kwenye mvua, akafungua boneti. Tusekile akashuka naye.

Mfuniko wa juu wa injini ulikuwa umelegea. Ulikuwa ukitikisika, *ti-ti-ti*. Na oili nyeusi ilikuwa ikitoka pembeni, *to... to... to...*

Mama akashika kichwa. "Tungekimbia zaidi, oili ingemwagika yote. Injini ingekufa hapa hapa."

Alichukua spana. Akakaza nati moja baada ya nyingine. Akaongeza oili. Tusekile alishika mwavuli juu, kwa mikono yote miwili, mpaka mabega yakauma.

"Masikio yako yameokoa gari," alisema Mama. "Mimi nilikuwa nasikiliza haraka yangu tu. Nisamehe."

"Nimekusamehe," alisema Tusekile. "Lakini tumechelewa kwa Babu."

"Ndiyo," alisema Mama kwa sauti ya chini. "Tumechelewa."

Wakapanda garini, wameloa. Sasa Tusekile ndiye aliyeanza kuimba, kwa sauti iliyochoka, na Mama akaitikia:

*Taratibu, Samawati, taratibu!*
*Tuku-tuku, tuku-tuku, twende Tukuyu!*

Mvua ikaisha. Mashamba ya chai yakapita, moja, halafu jingine. Taa za nyumba zikaanza kuwaka.

Ile pale nyumba ya Babu!

Lakini mlango ulikuwa umefungwa. Nje palikuwa na kiti kitupu.

"Amelala," alisema Tusekile. Machozi yakamjaa.

Mama akaingia uani polepole. Samawati aliunguruma kwa upole, kama paka aliyeshiba. *Tuku-tuku. Tuku-tuku. Tuku-tuku.*

Dirishani taa ikawaka.

Mlango ukafunguliwa. Babu akatoka, amevaa koti kubwa, amejifunga blanketi, na mguuni ana kiatu kimoja.

"Ndilo!" alisema. "Nimelisikia nikiwa kitandani. Ndilo gari langu!"

"Shikamoo, Babu!"

"Marahaba, mjukuu wangu! Marahaba!"

Mama akanyoosha mkono kuzima injini.

"Usizime," alisema Babu. "Acha kidogo."

Akaweka viganja vyake juu ya boneti. Ilikuwa na joto. Akafumba macho. Akasikiliza, kama mtu anayepewa habari za nyumbani.

"Inaongea vizuri," alisema. "Mmeikimbiza?"

Mama akaangalia chini. "Kidogo, Baba. Tusekile akanizuia."

Babu akafumbua macho. Akacheka, na kicheko chake hakikukatwa na kikohozi hata mara moja. Mama alikuwa hajasikia kicheko hicho siku nyingi.

"Sasa zima," alisema Babu. "Samawati naye amechoka."

Mama akazima. Kukawa kimya kitamu.

Ndani moto ulikuwa ukiwaka. Walikula ndizi na maharage. Mama akasinzia kabla hajamaliza chakula chake. Babu akamwekea mto chini ya kichwa, akamlaza Tusekile kitandani, akamfunika mpaka kidevuni.

"Babu," alinong'ona Tusekile, macho yakifunga yenyewe, "kesho tutakwenda wapi?"

"Kesho?" alisema Babu. "Kesho hatuendi popote. Kesho tutalala mpaka jua lichoke kutusubiri."

Tusekile alitaka kusema, "Sawa, Babu."

Lakini alikuwa ameshalala.