Uzito wa Nyuma Kushoto

Jua lilikuwa linazama Mama Kibonge alipofika gereji. Jambo lenyewe dogo tu: kumpelekea mumewe chupa ya chai, na kumkumbusha kwamba kesho ni kliniki. Kibonge alikuwa mgongoni, miezi tisa, kilo kumi kasoro kidogo, mtoto ambaye wauguzi walimpokea kwa zamu huku wakiguna. "Mama, huyu anakula na sahani yake?"

Gereji ilinuka maziwa yaliyoungua.

"Unachoma nini, Baba Kibonge?"

"Bushi kuukuu, zitoke." Sauti ilitoka chini ya gari jekundu la milango miwili, gari la mbio la enzi hizo, mwenyewe akionekana miguu tu. "Vipira vya kushikilia magurudumu ya nyuma. Cha ajabu, ya kulia kama mpya. Ya kushoto imesagika kabisa. Kama kuna mtu amekaa upande huo miaka yote."

"Na mwenyewe hupakia nani?"

"Hapakii mtu. Muulize, huyo hapo."

Mama Kibonge akashtuka. Kumbe kuna mzee ukutani, mwembamba, mikono nyuma. Alikuwa hapo muda wote.

"Shikamoo, mzee."

Mzee hakuitika. Alikuwa akimtazama Kibonge.

Bushi mpya zilipoingia, fundi akatoka chini, akashusha jeki. "Bado kukaza boliti za mwisho. Hizi hazikazwi gari likiwa juu, mpira unajipinda, mwezi hauishi umechanika. Mpaka gari libebe uzito. Hebu nilete mifuko ya mchanga..."

"Mchanga haufai," mzee akanong'ona. "Mtu. Kiti cha nyuma. Kushoto."

Fundi akacheka. "Basi ingia, mke wangu, na hilo gunia lako. Dakika mbili."

Moyo ulimwambia asiingie. Lakini angesema nini? Kwamba anaogopa kiti? Akaingia.

Kiti cha kushoto kilikuwa na kishimo. Kidogo, kidogo mno kwa mtu mzima. Mgongo ulikuwa unamuuma tangu asubuhi, akamfungua Kibonge, akamketisha palepale. Akaenea sawasawa... kama yai kwenye kiota.

Kri.

Spana ilizunguka chini yao. Kibonge akaacha kunyonya kidole.

Kri. Kri.

Akatazama juu, macho makavu, kama anayeitwa na mtu.

Kri.

"Tayari! Shukeni!"

Mama Kibonge akamwinua mwanawe, nusura ambamize kwenye dari. Ilikuwa kama kunyanyua ndoo ukidhani imejaa, kumbe haina kitu. Akashuka, akageuka.

Gari halikuinuka.

Nyuma kushoto lilibaki limelala.

"Baba Kibonge, mbona halijapanda? Hebu mshike mwanao. Mshike, tafadhali!"

"Na grisi hii? Si utanigombeza kesho siku nzima? Springi za zamani hizo, zitakaa sawa."

Mzee hakungoja. Alilaza kiti cha mbele, akainama, akavuta mkanda wa nyuma kushoto. Akaufunga taratibu juu ya kiti kitupu, akaulegeza kidogo, kama usije ukambana mtu. Kisha akaliwasha gari, akaondoka zake.

Asubuhi, kliniki.

"Mama, muweke mtoto kwanza," muuguzi alisema bila kuinua macho.

"Nimemuweka."

Mshale ulikuwa kwenye sifuri. Muuguzi akagonga mzani. Akaleta mwingine. Akaita mwenzake. Mwisho akarudisha kadi bila kuandika chochote, akamsogelea sikioni. "Jana alikaa wapi huyu?"

Leo ni mwezi wa nne tangu siku ile. Kibonge anakula, anacheka, anaota meno. Mama yake ameshona nati kwenye pindo za nguo zake zote, na mlango haufunguliwi upepo ukivuma. Fundi hutoka kila alfajiri na spana namba kumi na saba mfukoni, akichungulia kila gereji, kila maegesho. "Boliti moja tu," husema. "Nikilipata lile gari, nailegeza moja tu." Jioni hurudi. Mkewe siku hizi hamuulizi.

Ila jana alimuuliza jambo jingine.

"Bushi mpya hukaa muda gani?"

"Barabara nzuri... miaka minne. Mitano."

"Halafu?"

"Inasagika. Yule mzee atatafuta fundi mwingine."

"Atatafuta mtoto mwingine."

Fundi akajimiminia chai.

"Ile ya kushoto," mkewe akanong'ona, "ile kuukuu uliyoichoma. Ilipokuwa inaungua... ulisikia kitu?"

Mumewe aliutazama moto wa jiko. Chai ikapoa mkononi.

"Nilidhani ni mpira," akasema. "Mpira nao ukiungua hulia."