Nibu ya Meno Matatu

Pikipiki ilikata kona, ikapanda ngazi.

Sindano hakupunguza mwendo. Yamaha yake ilirukia ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, meno yakagongana mdomoni. Mbele yake mwanamume mwenye koti la ngozi aliwatawanya watu waliokuwa wakitoka benki, kisha akazama kwenye uchochoro wa maduka ya vitambaa.

"Sindano kwa Mjomba. Ameingia uchochoroni. Mwisho umefungwa."

"Nimekupata," sauti ya upole ilimjibu sikioni. "Mwenda pole hajikwai, mpwa wangu. Lete boksi lake."

Sindano alicheka kimoyomoyo. Mtu anapanda ngazi kwa pikipiki, mzee anamwambia aende pole!

Uchochoro uliishia ukutani. Koti la Ngozi aliibwaga pikipiki, akageuka na Glock mkononi. Alichelewa. Goti la Sindano lilimpata kifuani, bastola ikaruka chini ya meza ya vitenge. Pingu moja mkononi, ya pili kwenye nondo ya dirisha.

Kazi ilikuwa imekwisha.

"Boksi," alisema Sindano.

Yule mtu alitema damu, akacheka. "Dada, kwani nyinyi hamwambiani?"

"Tuambiane nini?"

Akafunga mdomo, na hakuufungua tena.

Boksi lilikuwa dogo, la mahameli nyeusi. Ndani mlikuwa na kichupa cha kioo. Ndani ya kichupa hamkuwa na kitu.

Sindano alikitazama kichupa kile, akatukana kwa sauti ndogo. Asubuhi ile amri ilikuwa imeingia kwa maneno mawili tu, wino umemwagika, na maana yake aliijua: acha kila kitu, njoo. Fundi mmoja wa kalamu za kifahari alikuwa amepiga simu idarani kwao, idara ya usalama. Kuna mteja, alisema, ameagiza nibu, ncha ya kalamu, isiyo ya kawaida, nibu ya dhahabu yenye meno matatu, ili imtolee sahihi kama ya Mkuu wa Bohari ya Silaha. Sahihi ile ndiyo iliyofungua geti la bohari. Ikighushiwa, makreti ya bunduki yangetoka mchana kweupe, walinzi wakipiga saluti.

"Mjomba, boksi ni tupu."

"Basi nibu iko kwa fundi. Nenda kaichukue, uniletee mimi mwenyewe, si mtu mwingine. Saa nane niwe nayo. Na Sindano..."

"Naam, Mjomba."

"Fundi ni mmoja wao. Mzime."

"Si ndiye aliyetupigia?"

"Mzime, mpwa wangu. Nitakueleza."

Angekuwa mtu mwingine anayemwamrisha, Sindano angebisha. Lakini huyu alikuwa Mjomba. Hawakuwa na damu moja, ila damu ilikuwa imemwagika baina yao. Miaka sita nyuma, kwenye ghala la wauza risasi, mzee yule aliudaka kwa mkono wa kulia mtutu uliokuwa umeelekezwa kwenye paji la uso la Sindano. Risasi iliondoka na kidole chake cha shahada. Tangu siku ile alishika kalamu kwa gumba na kidole cha kati, na kila Sindano alipomwona akihangaika na vifungo vya shati, alitamani kulia.

Akawasha Yamaha.

Karakana ya fundi ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la miwani. Dirisha pana. Meza ndefu. Tupa nyembamba zimepangwa kwa ukubwa, vipande vya msasa laini, gurudumu la kunolea linalozunguka bila kelele. Kwenye kabati la kioo zililala kalamu za Pelikan na Montblanc zilizofunguliwa matumbo. Fundi mwenyewe, mtu wa makamo, tumbo mbele, lenzi imefungwa kichwani kwa mpira wa suruali, alikuwa ameinamia kitu kidogo kinachong'aa.

Sindano alimwelekezea Beretta. "Mikono juu."

"Subiri," alisema fundi bila kuinua kichwa. "Ukinishtua utaniharibia kazi ya wiki tatu."

Sindano akasubiri. Baadaye alipokumbuka jambo hilo, alijicheka.

Fundi alimaliza, akaiweka nibu kwenye kitambaa, akainua macho. Hapo ndipo alipoiona bastola, na hapo ndipo mikono ilipopanda yenyewe.

"Jamani! Mimi si ndiye niliyewapigia?"

"Kwa nini ulimpa yule boksi tupu?"

"Nibu haitoki hapa bila mwenye mkono kuja kuijaribu. Hiyo ni sheria ya kazi yangu. Kaja mtu na bastola ananiambia katumwa. Nikampa boksi aende zake."

"Mwenye mkono ni nani?"

"Jina aliniandikia la uongo. Lakini mkono haudanganyi, dada. Naweza kushusha wangu?"

Akashusha, akafungua kopo la biskuti lililojaa kadi. Kila mteja alikuwa na kadi yake: anaandika haraka au polepole, anakandamiza au anapapasa, kalamu inasimama au inalala. Akatoa moja.

"Nibu ya meno matatu nimemkatia mtu mmoja tu maishani, Mkuu wa Bohari, na mistari yake naijua kama nijuavyo wanangu. Huyu mteja wa sasa, mzee mmoja, akaja na picha ya sahihi ile ile. Anataka kalamu imwandikie hivyo hivyo. Koo linamuuma, kajifunga skafu, haongei, anaandika tu. Nikamwambia aandike nione mkono. Kavaa glavu." Fundi aliinama mbele kama anayesimulia umbea. "Gumba sawa. Cha kati sawa. Lakini hiki cha shahada kimesimama tu, hakikunji. Nikatazama vizuri. Dada, kile kidole hakikuwa na mtu ndani. Kilikuwa pamba."

Sindano aliivuta kadi karibu.

Kwenye kadi, kwa penseli: Gumba na kidole cha kati. Kalamu inalalia nje. Inolewe upande.

"Umeona?" fundi aliendelea, amenogewa na kazi yake. "Imenolewa kwa mkono ule peke yake. Wewe ukiishika itakukwaruzia karatasi tu."

"Nipe alichoandika."

Fundi alimpa karatasi. Sentensi moja, mara tano, kwa mwandiko ulioinama.

Mwenda pole hajikwai.

Sindano alikaa kwenye kigoda cha wateja. Tusifichane: aliumia. Aliwahi kupigwa risasi ya bega na hakuumia hivi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba kinaweza pia kukuita mpwa. Simu ya fundi ilikuwa imeandikwa kwenye kitabu cha idara, haikufutika, ndipo mzee akaifanya mtaji, akamtoa kafara mjumbe wake mwenyewe, Koti la Ngozi. Mbio zote zile, ngazi, goti, pingu, zilikuwa za kumletea mwizi mzigo wake mezani. Na baada ya hapo, ili siri isitoke, Sindano amuue kwa mkono wake mtu asiye na hatia.

Redio ya sikioni ilikwaruza. "Sindano, umefika wapi?"

Akaweka kidole mdomoni, fundi akanyamaza.

"Niko kwa fundi, Mjomba."

"Amezimwa?"

Alimtazama fundi. Fundi alikuwa ameshika tupa kwa mikono miwili kama mtoto aliyeshika mwiko.

"Hatazungumza tena," alisema Sindano. Sauti yake haikutetemeka. Huyo huyo mzee ndiye aliyemfundisha isitetemeke.

"Ahsante, mpwa wangu. Najua ni kazi ngumu."

Akazima redio.

"Sikiliza, fundi. Kadi na kidole cha pamba havimfungi mtu aliyetumikia idara miaka thelathini. Lazima aitumie. Je, unaweza kuitia alama ambayo yeye hataiona?"

"Alama?" Fundi alishtuka kuliko alivyoshtukia bastola. "Unataka niharibu dhahabu ya karati kumi na nane? Haijatoka kazi mbovu hapa dukani!"

"Nilitumwa nikuue."

Fundi alifikiri kidogo.

"Basi tuiharibu."

Alishusha lenzi, akachukua sindano ya almasi. Jino la kati alilitia kovu jembamba kuliko unywele. Kwa macho wino ulionekana mzima. Chini ya lenzi, kila mstari ulibaki na uzi mweupe katikati. Kisha akampa Sindano lenzi yake ya akiba, na simu ya mezani. Sindano alizungusha namba ya Mkuu wa Bohari, akaongea dakika nne.

"Funga mlango," alimwambia fundi alipoondoka. "Usikae dirishani."

Saa nane kasoro tano alikuwa ofisini kwa Mjomba. Feni ilizunguka kivivu. Shati la mzee lilikuwa limefungwa vifungo vyote isipokuwa cha juu, kile ambacho vidole vyake havikukiweza. Mkono wa Sindano ulitaka kwenda kumfungia, kama siku zote. Akautia mfukoni.

"Hii hapa."

Mjomba aliishika nibu kwenye mwanga. Macho yake yalikuwa na furaha ya kweli, na hilo lilimkera Sindano kuliko uongo wowote.

"Umenipa pumzi, mpwa. Huu ni ushahidi mkubwa. Umechoka, nenda kalale."

"Nakwenda, Mjomba."

Alifunga mlango nyuma yake, akasimama koridoni. Ulipita muda wa kupachika nibu kwenye kalamu. Kisha akaisikia, laini, juu ya karatasi. Mstari mmoja. Alijua umeandikwa nini.

Saa kumi kamili, malori matatu yalisimama mbele ya geti la bohari. Wageni wawili wa nchi ya nje, suti safi, viatu vya matope, walikaa kwenye kabini ya lori la kwanza. Dereva alitoa kibali dirishani.

Aliyekipokea hakuwa mlinzi. Alikuwa Mkuu wa Bohari mwenyewe, mama mfupi mwenye sauti ya kengele, lenzi ya fundi mkononi.

"Sahihi yangu imependeza," alisema. "Mimi mwenyewe siandiki vizuri hivi."

Akainamisha lenzi.

Uzi mweupe, mwanzo hadi mwisho.

"Fungeni geti!"

Mgeni mmoja aliingiza mkono ndani ya koti. Risasi moja ya Sindano, kutoka juu ya kibanda cha walinzi, ilivunja kioo cha pembeni hapo karibu na sikio lake. Mkono ukatoka mtupu. Askari walikwisha kuyazunguka malori. Dakika mbili baadaye wote walikuwa chini, vifua kwenye lami.

Sindano hakungoja. Ng'ambo ya barabara, kwenye kivuli cha ukuta, Peugeot nyeupe ilikuwa inawashwa. Alifungua mlango wa abiria, akakaa, Beretta ubavuni mwa dereva.

"Zima gari, Mjomba."

Mzee alizima. Walikaa bega kwa bega, kama walivyokaa mara nyingi kwenye magari ya kuvizia.

"Nilikwambia ukalale."

"Sikupata usingizi."

"Na fundi?"

"Anakusalimu. Anasema hukuja kuijaribu kalamu yako."

Mjomba alivuta pumzi ndefu. "Waliniruka cheo mara tatu, mpwa. Vijana niliowafundisha kushika bastola ndio wanaoniamrisha. Hawa wageni walinipa heshima."

"Mimi pia ulinifundisha."

"Wewe hukutakiwa kujua."

"Nilitakiwa kuua tu." Sasa sauti ilitetemeka, na hakujali. "Niambie kitu kimoja. Siku ile ghalani. Kile kidole. Ulikuwa mchezo?"

Mzee aliutazama mkono wake juu ya usukani.

"Hapana. Siku ile ilikuwa kweli. Siku ile nilikuwa bado mjomba wako."

Afadhali angesema ulikuwa mchezo. Sindano angemchukia mara moja, akamaliza. Sasa ilimbidi ambebe mmoja moyoni na ampeleke mwingine jela.

Alitoa karatasi mfukoni, akaiweka kwenye dashibodi.

"Andika. Majina yote, tarehe zote."

Mjomba alitoa kalamu. Gumba na kidole cha kati. Kalamu ikalalia nje, nibu ikateleza bila kukwama hata mara moja. Ukurasa wa kwanza ulijaa, akageuza.

"Inaandika vizuri," alisema taratibu, kama mtu anayeongea peke yake. "Tangu kidole kiende, sijapata kalamu inayoniandikia hivi."

Sindano alitazama dirishani mpaka alipomaliza. Kisha akachukua karatasi, akachukua kalamu, akashuka. Askari wakamzunguka mzee. Kabla hawajamtia pingu, Sindano alirudi hatua mbili, akamfungia kile kifungo cha juu.

Halafu hakugeuka tena.

Getini, mlinzi alimsukumia daftari. "Weka sahihi ya kutoka, dada."

Sindano aliweka kalamu kwenye karatasi. Ikakwaruza. Wino ukagoma. Akajaribu tena, ikachana mstari mzima.

"Kalamu yako mbovu hiyo," alisema mlinzi.

"Si mbovu. Ina mwenyewe."

Akaazima Bic ya mlinzi, akasaini, akavaa helmeti. Yamaha iliitika mara ya kwanza.