Mfuko Uliofika Bungoma

Maiti ya Bilha Nekesa, mpakiaji wa oda, ilikuwa imelala chali katikati ya mifuko ya kitambaa, kwenye chumba cha kupakia oda cha duka moja mjini Kitale. Fuvu lilikuwa limepasuka kisogoni. Kichwa kizima kilikuwa kimevishwa karatasi ya nailoni, ikafungwa fundo shingoni. Damu iliganda ndani yake.

Inspekta Chepkemei alichuchumaa. Chini ya meza palikuwa na jiwe la mizani, limeshikana na nywele.

"Nailoni hii ni yenu?" alimwuliza meneja, Muturi.

"Hapana, afande. Si imepigwa marufuku? Oda ya kupelekwa nyumbani, oda ya kuchukuliwa hapa, zote zinatoka zikiwa ndani ya mfuko wa kitambaa. Bilha hakuwa na mchezo na hilo."

"Oda ya mwisho jana ilichukuliwa na nani?"

"Derrick Wabwile, dereva wetu. Ilikuwa ya Bungoma."

Derrick hakubisha kwamba aliichukua. Alipokea mfuko mlangoni, alisema, Bilha akiwa mzima. Ndani hakukanyaga.

Chepkemei akateremka Bungoma hadi kwa mteja, mwalimu Fridah. Mfuko ulikuwa bado jikoni. Ubavuni ulikuwa na alama za vidole, rangi ya kutu.

"Derrick aliniambia ati nyama imevuja," Fridah alisema.

"Uliagiza nyama, mwalimu?"

"Hapana. Unga, sukari na sabuni. Nikadhani ni nyama ya mteja mwingine."

Maabara ilithibitisha: damu ya Bilha, vidole vya Derrick.

"Ilivuja nyama ya nani, Derrick?" Chepkemei alimwuliza kituoni.

Derrick aliinamia meza.

"Bilha alimfungisha kaka yangu, Kizito. Kaka alikuwa akileta nailoni za magendo kutoka Sirisia, mpakani. Nilimwomba Bilha apakie oda kwa nailoni hizo, akasema ataturipoti. Wiki hiyohiyo Kizito akashikwa. Mama akafa Kizito akiwa jela. Nilimzika peke yangu."

"Na jana?"

"Nilimwambia hayo yote. Akaendelea tu kupakia. Nikachukua jiwe."

"Na nailoni?"

"Alikuwa bado anapumua. Nilitaka afe nayo."

Chepkemei aliweka kalamu mezani.

"Kizito nilimkamata mimi, kwenye kizuizi cha barabarani. Furushi lilipasuka juu ya pikipiki, nailoni zikamwagika mbele ya macho yangu. Hakuna mtu aliyetuambia lolote."

Derrick alimkodolea macho. Akaanza kutikisa kichwa, taratibu, na alikuwa bado anakitikisa askari walipomwinua kumrudisha mahabusu.