Ukingo Mweupe wa Gitaa

Jambo la kwanza lilikuwa dogo mno, hata kulisimulia ni kujitafutia kuchekwa: plastiki ilikuwa na joto.

Severin aliigusa tena. Ilikuwa saa nne asubuhi, karakana yake ya Bigwa, pembeni mwa mji, bado ina ubaridi wa mlimani, na gitaa la umeme alilolihangaikia tangu Kwaresima lilikuwa limelala juu ya blanketi, jekundu tupu, rangi imekauka vizuri. Kuzunguka bodi lote, pale uso unapokutana na ubavu, alikuwa amebandika utepe mwembamba wa plastiki nyeupe. Mafundi wengine huufunika utepe huo kwa masking tepu kabla ya kupuliza rangi. Severin aliwacheka hao. Rangi hupenya chini ya tepu na kuacha ukingo wenye meno. Yeye alipuliza rangi juu ya kila kitu, kisha akauvisha wembe tepu, ukabaki wazi upana wa utepe tu, akawa anakwangua taratibu mpaka weupe utokee. Fundi haambiwi, na huyu hakupenda kuambiwa hata kabla hajawa fundi.

Alikwangua shubiri moja. Chembe nyekundu zikadondoka, na kukatoka harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi.

"Fundi wangu!" mkewe aliita kutoka uani. "Hebu niangalie shingoni, kuna kitu kimenikwaruza."

Anastasia alikuwa ameinamia beseni la nguo. Nyuma ya shingo yake kulikuwa na mstari mweupe, mwembamba, urefu wa shubiri moja.

"Ukucha wako huo," Severin alisema, akarudi kazini. Tumlaumu? Tumlaumu, ndiyo, ila sijui ni mume gani humkagua mkewe kwa rula.

Kufikia adhuhuri alikuwa amekwangua bega la gitaa na kukizunguka kiuno chake. Alipoingia ndani kula, Anastasia hakuwa amepika. Alikuwa amekaa mkekani, gauni amelivua upande mmoja, anajitazama. Mstari ulikuwa umeshuka begani, ukapita kwapani, ukafuata mbavu mpaka kiunoni.

"Hauumi," alisema kwa sauti ndogo. "Baridi tu. Severin, unaenda wenyewe. Naona unavyoenda."

Alichukua futi yake, akampima mkewe, akaenda karakana, akapima utepe. Vipimo vilikuwa sawasawa. Wembe aliokuwa ameuchukua tena ulimtoka mkononi na hakuuokota. Alifunga mlango kwa kufuli, akatia ufunguo mfukoni, akajiambia kwamba akiacha kukwangua, yataishia hapo.

Hawajakaa hata robo saa wakasikia kutoka kwenye karakana iliyofungwa: kwaru, kwaru, kwaru.

Severin alichungulia dirishani. Wembe ulikuwa palepale sakafuni. Rangi ya utepe ilikuwa inajibandua yenyewe, chembe baada ya chembe. Akafungua kufuli, akaingia mbio, akachukua brashi na rangi, akaupaka upya ukingo ule, akadhani amepata dawa, na hapo ndipo aliposikia kishindo ndani ya nyumba, akakuta Anastasia ameanguka chini, macho yamemtoka, midomo inageuka buluu, anatafuta hewa na hewa haiingii, basi akarudi tena mbio na kuikwangua rangi ile mbichi kwa kucha zake mwenyewe, huku analia, mpaka akasikia mkewe anakohoa. Mate aliyotema yalinuka thina ya rangi.

Akipaka, mke anakosa pumzi. Akiacha, mstari unaenda. Severin aliogopa kama ambavyo hajawahi kuogopa, na hakuona aibu kusema hivyo.

"Nipeleke Matombo," Anastasia alisema. "Kwa mjomba. Leo hii."

Walifika juu milimani jua bado lipo, gitaa limeviringishwa blanketini. Mjomba Bonifasi, mkubwa wa ukoo wa mama yake Anastasia, aliitikia shikamoo zao, akalifunua gitaa, akalinusa.

"Mbao hii umeitoa wapi, mkwe?"

"Ule mkangazi ulioanguka masika ya mwaka jana, mjomba. Sikuiba. Niliomba."

"Ulimwomba nani?"

"Baba mkwe. Mzee Wilfred."

Mjomba alifumba macho. Kwao Severin, Songea, ardhi ni ya baba, na mtu mwenye adabu huomba kwa baba. Huku milimani ardhi ni ya ukoo wa mama. Mzee Wilfred alikuwa ameoa tu pale, hana hata jani la kumpa mtu, ila aliona haya kuulizwa jambo na mkwe wake kisha aseme halimhusu. Akajibu, "Chukua, mwanangu." Heshima mbili zikakutana, zikamwangamiza mtu wa tatu.

"Kulikuwa na nguo nyeupe imezungushwa shinani," mjomba alinong'ona. "Uliiona?"

"Niliiona. Ilikuwa imeoza. Niliikata kwa panga."

"Nguo ile ndiyo iliyomfunga jini wa mti. Kila mwaka mwanamke wa nyumba hii huifunga upya. Marehemu mama yake huyu ndiye aliyekuwa akiifunga. Alipofariki amebaki huyu peke yake, na sisi tukasema yuko mjini, tusimsumbue." Mzee alilinyooshea gitaa kidole. "Sasa jini huyo anajitengenezea mwili. Ncha za mstari zikikutana, ataingia."

Anastasia alijipapasa chini ya kanga. Mstari ulikuwa umezunguka nyonga na kupanda upande wa pili. Zilibaki nafasi za vidole vinne, nyuma ya shingo.

"Nipeni nguo," alisema. "Nitaifunga mimi."

Mjomba alileta marikani mpya, ndefu, ya kutosha kuizunguka nguzo ya nyumba mara mbili. Anastasia aliizungusha kwenye gitaa, akavuta, na ncha hazikukutana. Zilipungua vidole vinne. Severin akashika upande mmoja akavuta kwa nguvu zake zote, na mjomba akaunga kipande kingine, na Anastasia akazungusha upya huku jasho linamwingia machoni, lakini nguo ile, ambayo wote watatu waliiona jinsi ilivyokuwa ndefu, ikafika pungufu tena, vidole vitatu, na walipounga cha tatu ikafika pungufu vidole viwili, na wakati wote huo, chini ya nguo, chini ya mikono yao wenyewe, wembe usiokuwepo ulikuwa unaendelea na kazi yake bila haraka, kwaru, kwaru, kama fundi anayejua kwamba siku haijaisha.

"Fundi wangu," Anastasia alisema, "nishike."

Alimkumbatia. Akafunika nyuma ya shingo yake kwa kiganja, akabana, akiomba Mungu, akiomba radhi kwa ukoo mzima, akiomba achukuliwe yeye. Akauhisi mstari ukipita chini ya kiganja, mwembamba, wa baridi, haukumjali.

Ile sauti ikanyamaza.

Anastasia alijitoa mikononi mwake taratibu, kama mtu anayejitoa kwa mgeni aliyemshika kwa kosa. Alikaa kwenye kigoda cha mjomba, kigoda ambacho mwanamke wa umri wake asingethubutu kukikalia, akatazama mlima.

Mzee Bonifasi, mwenye miaka sabini na minne, aliyembeba mpwa wake huyu mgongoni alipokuwa mchanga, alipiga magoti kwa shida.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba," Anastasia aliitikia, bila kugeuka.

Mjomba alimtazama Severin kwa jicho la kumsihi. Na Severin, mume wake kwa miaka tisa, akapiga goti mbele ya mkewe, akainamisha kichwa.

"Shikamoo."

Alingoja muda mrefu. Hakuitikiwa.